Muswada Uliopelekwa Zizini

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulimwacha Arlys Teig amesimama mbele ya maikrofoni, mdomo wazi, na Mwenyekiti Milo Hruska akimsubiri ajibu swali moja tu.

"Unaunga mkono au unapinga?"

Kwa msomaji aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yako hivi. Arlys ni mzazi kutoka Halvorsby, mji mdogo wa wafuga ng'ombe. Chama cha wazazi cha shule kilimtuma makao makuu ya jimbo kuunga mkono Muswada 1093, uliotaka kila shule ya msingi iwe na nesi. Binti yake Signe, wa miaka minane, ana kifafa, na shule yao haina nesi. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani.

Na sasa, kwenye skrini ya ukutani, muswada ulikuwa umebadilika.

Namba ilikuwa ileile, 1093. Nesi hakuwemo. Mahali pake palikuwa na mistari miwili mipya: kila shule ya msingi yenye watoto chini ya mia moja ifungwe ifikapo Juni, na watoto wake wapelekwe shule ya jirani.

Halvorsby ina watoto sitini na kitu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Arlys alisema, "huu siyo muswada wetu."

"Ni 1093, mama. Wewe umejiandikisha upande wa wanaounga mkono 1093. Au nimesoma jina la mtu mwingine?"

"Ni jina langu."

"Basi tuendelee."

Wabunge wawili walicheka chini chini. Walijua kilichotokea, na kila mtu wa jimbo lile aliyewahi kukaa kwenye kamati angejua. Zamani wabunge walichukua muswada mdogo wa jambo jingine kabisa, wakafuta kila kitu isipokuwa namba, wakaandika ndani yake habari za kujenga zizi la nguruwe. Tangu hapo, muswada ukitolewa matumbo na kujazwa mengine, husemwa umepelekwa zizini. Kanuni zinaruhusu. Hufanyika kila mwaka, wakati mwingine kwa nia njema.

Huu wa 1093 ulikuwa umepelekwa zizini asubuhi hiyo hiyo.

Arlys aliona mtego wote kwa mara moja.

Wapinzani hawakuwemo. Aliyetaka kupinga kwa simu alipaswa kujiandikisha jana, na jana muswada ulikuwa wa manesi. Nani angepinga manesi? Wa kuja kwa gari ndio kabisa wasingeweza: tufani ya theluji ilikuwa imefunga barabara kuu, mageti yameshushwa toka jioni. Na muswada usiopingwa hata na mtu mmoja hupelekwa kwenye orodha ya miswada isiyo na ubishi, ukapita Bungeni bila mjadala.

Katika ukumbi mzima, mtu wa shule ndogo alikuwa mmoja tu. Naye alikuwa amefungwa mdomo na watu wake mwenyewe.

Mjumbe wa chama cha wazazi hasemi lake. Husema kilichopigiwa kura, basi. Na wazazi wa Halvorsby, kama wafanyavyo wazazi wa jimbo zima, walipiga kura kwa namba. "Tunaunga mkono 1093." Hakuna aliyefikiri kuandika kilichomo.

"Naomba dakika chache niwapigie wenzangu," Arlys alisema.

Hruska alimtazama juu ya miwani. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, mwalimu wa zamani wa hesabu, na kwa kweli hakuonekana kufurahia.

"Nenda," alisema. "Msemaji anayefuata atachukua nafasi yako. Akimaliza nawe hujarudi, nafunga."

* * *

Kwenye korido, shemeji yake Darrel alikuwa amelala kwenye benchi, buti zinachuruzika maji. Darrel huendesha lori la serikali la kusukuma theluji. Ndiye aliyemleta Arlys, jana, mbele ya tufani, mageti yakishuka nyuma yao. Watoto wake mapacha wanasoma Kolbe, shule ya jirani, ndogo kuliko hata Halvorsby.

Mkabala na benchi kulikuwa na mlango wa kioo umeandikwa: NESI WA ZAMU. KWA WABUNGE NA WATUMISHI WA BUNGE. Ndani, mwanamke mwenye viatu vyeupe alikuwa anakula kipande cha kuchen. Ilikuwa kuchen ya Arlys mwenyewe. Kila Februari wazazi huwapelekea wabunge keki hizo za malai na matunda, wabunge wakala, wakasema asante, wakasahau.

Darrel alifungua jicho moja. "Shemeji, mbona umekuwa mweupe hivyo? Wamekukataza kuongea?"

"Wameondoa manesi. Wameweka kufunga shule ndogo."

Akafungua la pili. "Na Kolbe?"

"Na Kolbe."

Darrel aliinuka. "Naingia mimi. Nikapinge."

"Na koti hilo la serikali?"

"Nitalivua."

"Ukilivua saa za zamu wanakufukuza, ukisema ukiwa nalo wanakufukuza pia. Kaa chini, Darrel."

"Sasa nitakaa nikifanya nini, niwaangalie?"

"Kaa. Niache nipige simu."

Simu ililia mara nyingi kabla ya LaVonne Pfeifle, mwenyekiti wa chama cha wazazi, kuipokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mpira na watoto.

"Arlys! Hapa ni vituko. Basi halikuondoka jana, tumelala wote ukumbi wa michezo. Wazazi waliokuja kuchukua watoto nao wamekwama. Kuna mtu anakoroma humu, sitamtaja, ila ni mume wangu."

"Wajumbe wa halmashauri ya chama wapo?"

"Karibu wote. Wataenda wapi?"

Tufani iliyowafungia wapinzani nje ilikuwa imewafungia halmashauri ndani. Wangeweza kupiga kura sasa hivi.

"LaVonne, wakusanye. Muswada umepelekwa zizini." Akaeleza kwa haraka. "Pigeni kura mpya. Niambieni nipinge. Nina dakika chache tu."

Mpira ulidunda, ukadunda tena.

"LaVonne?"

"Najua," LaVonne alisema kwa sauti ndogo. "Alinipigia jana jioni."

"Nani?"

"Milo."

"Milo! Tangu lini yeye ni Milo?"

"Usinianzie. Sikiliza kwanza. Ametuahidi kitu. Muswada ukifika mbele ataongeza mstari, Halvorsby isifungwe. Watoto wa Kolbe waje kwetu. Tutavuka mia, na shule ikivuka mia inapata nesi. Nesi, Arlys! Wa kudumu!"

"Imeandikwa wapi?"

"Ameahidi."

"Mtu huyu ametoa matumbo ya muswada mbele ya macho yangu asubuhi hii, nawe unaniambia ameahidi."

"Na wewe una lipi la kunipa?" Sauti ya LaVonne ilipanda, kisha ikashuka tena, maana watu walikuwa karibu. "Wewe una Signe. Mimi nina Anders. Kaanza kifafa mwaka huu, yuko darasa la sita, mkubwa kama baba yake. Akianguka nani atamwinua? Dawa yake iko kabatini hapa shuleni, sijawahi hata kuifungua, naogopa. Unataka nesi au hutaki?"

Arlys alitaka nesi. Mwezi uliopita Signe alianguka kwenye foleni ya chakula, na mpishi ndiye aliyemshika kichwa. Arlys alitaka nesi kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Aligeuka. Darrel alikuwa anamtazama midomo.

"Na Kolbe?" Arlys aliuliza.

"Kolbe itafungwa tu, leo au mwakani. Bora waje kwetu." LaVonne akapaza sauti, si kwa Arlys. "Jamani, halmashauri, sogeeni! Nani anataka tubaki na uamuzi wetu, kuunga mkono?"

Viti vilikwaruza sakafu.

"Wanaokataa? ... Haya. Arlys, tunaunga mkono. Tena usikate simu. Tunataka kukusikia ukisema."

"Hamniamini?"

"Tunakuamini. Usikate. Subiri, kuna mtu hapa anakutaka."

Pumzi nyepesi zikaja kwenye simu. "Mama? Bi LaVonne kasema nesi anakuja."

"Umelala, mwanangu?"

"Kidogo. Wakina Anders walikuwa wanacheka usiku kucha."

"Umekunywa dawa ya asubuhi?"

"Iko nyumbani. Mama, anakuja lini?"

Arlys alijibu jambo ambalo hata yeye hakulisikia. Kukosa usingizi na kukosa dawa, mambo yote mawili kwa pamoja, ndiyo yaliyomwangusha Signe mara zote. Na kati ya mama na mtoto kulikuwa na barabara iliyofungwa.

"Wamesemaje?" Darrel aliuliza.

"Niunge mkono."

"Nyie mnabaki?"

Arlys aliitazama simu mkononi.

"Mnabaki," Darrel alisema. Akachukua kofia yake, akaigeuza mikononi. "Si nilikuleta mimi, shemeji? Nilikuleta kwenye lori langu, mchana kutwa, ili uje kufunga shule ya wanangu?"

"Darrel, nimepewa neno la kusema. Sina jingine."

"Kalisema basi. Nitakaa humo humo ndani. Sitapinga, koti linanizuia. Lakini nitakuangalia."

* * *

Msemaji mwingine alikuwa anamaliza. Arlys alirudi kwenye maikrofoni, simu mfukoni, haijakatwa.

"Karibu tena, Bi Teig," alisema Hruska. "Jibu?"

Arlys aliliweka neno mezani kama mtu anayeshusha ndoo nzito.

"Chama cha wazazi cha Halvorsby kinaunga mkono Muswada 1093."

Kutoka mfukoni kilitoka kisauti cha watu wanaopiga makofi mbali sana. Darrel, kiti cha nyuma, alivaa kofia yake.

"Asante," Hruska alisema. "Na asante kwa kuchen. Kuna anayepinga?"

Katibu aliinua kalamu. Hruska alitazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa anafuata taratibu, naye hupenda taratibu.

"Kama hakuna anayepinga, kamati itapendekeza muswada huu uingizwe kwenye orodha ya..."

"Yupo."

Ni Arlys. Hakuwa ameondoka pale mbele. Alikuwa anavua beji kifuani, beji ya bluu ya wajumbe wa chama, na pini yake ilikuwa imeng'ang'ania sufu. Akaivuta ikachana sweta, akaiweka juu ya meza.

"Bi Teig, wewe umekwisha kuunga mkono. Mtu mmoja hasemi pande mbili."

"Aliyeunga mkono ni chama. Nimekisemea nilivyotumwa, na sasa nimejiuzulu. Niliyebaki ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu beji ilipogusa meza."

Mbunge mmoja alicheka kwa sauti, akajizuia. Mwanasheria wa kamati aliinama kwa Hruska, wakanong'ona. Mfukoni, LaVonne alikuwa anapiga kelele: "Arlys! Arlys, unafanya nini? Unatuharibia!"

Hruska alivua miwani, akaisafisha.

"Kanuni haikukataza," alisema hatimaye. "Haikufikiria kama kuna mtu angefanya hivyo. Sema. Lakini nikukumbushe mambo mawili. Ukiondoka hapo mbele, nafasi yako imekwisha. Na lazima nisikie neno lenyewe. Bila neno, katibu hana cha kuandika."

Arlys aliinamia maikrofoni. Neno lilikuwa tayari kinywani.

Mfukoni, kelele za LaVonne zilikatika ghafla. Kisha zikaja nyingine, za namna tofauti kabisa.

"Signe! Signe! Mungu wangu, Arlys, ameanguka! Anatetemeka!"

Ukumbi mzima ulisikia, maana mfuko ulikuwa karibu na maikrofoni.

Mguu wa Arlys ulikwisha kugeuka kuelekea mlangoni. Kisha akasimama. Mlango ungempeleka wapi? Kwenye korido tu. Nje kulikuwa na tufani. Alitoa simu, akaongeza sauti, akaiweka mezani juu ya beji.

"LaVonne, nisikilize. Mlaze ubavu. Ubavu wa kushoto."

"Nimemlaza! Macho yamegeuka, Arlys!"

"Yatageuka. Usimtie kitu mdomoni. Weka koti chini ya kichwa. Ondoa watoto wengine. Kuna mtu anatazama saa?"

"Mume wangu anatazama."

"Ikipita dakika tano anapuliziwa dawa puani. Kaitoe kabatini sasa hivi, uwe nayo mkononi."

"Mimi sijui! Mimi siwezi, kamwite mtu..."

"Hakuna mtu mwingine, LaVonne. Hakuna nesi. Ni wewe. Kimbia."

Nyayo zilisikika zikikimbia kwenye sakafu ya mbao, mlango ukagonga. Katika ukumbi wa kamati hakuna aliyesogea. Hruska alikuwa ameshika miwani yake mkononi, hajaivaa. Katibu hakujua kama aandike au asiandike, na kwa sababu hakujua, aliandika.

"Nimeipata."

"Bado anatetemeka?"

"Bado. Dakika tano zimepita, Arlys, zimepita!"

"Chana paketi. Usiijaribishe hewani, ina mpulizo mmoja tu. Ingiza ncha puani, mpaka vidole viguse pua. Sukuma chini mpaka mwisho."

"Mkono unanitetemeka."

"Tumia miwili."

Pumzi. Pumzi nyingine. Kisha kitu kidogo kama kubofya kwa kalamu.

"Nimesukuma."

Sasa palikuwa pa kusubiri. Msomaji aliyewahi kusubiri namna hiyo ninamwacha akumbuke mwenyewe. Arlys alikuwa amekamata kingo za meza kwa mikono yote. Darrel alikuwa amesimama nyuma yake, haijulikani tangu saa ngapi.

"Imepungua," alisema LaVonne. "Mguu umetulia. Mkono... mkono pia. Ameacha, Arlys! Ameacha!" Akaanza kulia.

Mbunge aliyecheka alifuta uso kwa leso. Hruska alishusha pumzi ndefu.

"Bi Teig," alisema kwa upole, "tunashukuru Mungu. Nitakupa mapumziko ukitaka. Lakini bado sijasikia neno, na nikiahirisha kabla ya neno, muswada unabaki hauna mpinzani."

"Arlys." Ni LaVonne tena, na kilio kilikuwa kimekauka. "Arlys, hii paketi."

"Imefanyaje?"

"Nilifungua upande wa kushoto wa kabati. Ndiyo upande nilikoweka ya kwetu mimi mwenyewe, mkono ulikwenda tu. Haina jina la Signe."

Arlys hakuuliza jina la nani. Alilijua. Mtoto wa darasa la sita, mkubwa kama baba yake.

"Ni ya Anders," LaVonne alinong'ona. "Imeandikwa namba kubwa. Ya Signe ipo hapa kulia, ni ndogo, nusu yake. Arlys, amelala sasa. Amelala sana. Anapumua polepole. Ni kawaida? Niambie ni kawaida."

Arlys hakujua. Alikuwa amejifunza kila kitu kuhusu dawa ya mwanawe, na hakuna aliyewahi kumfundisha habari ya dawa ya mtoto wa mwenzake.

Aliinua uso. Aliwatazama wabunge mmoja mmoja, wenye makombo ya kuchen kwenye karatasi zao.

"Napinga," alisema kwenye maikrofoni. "Katibu, andika. Sasa niitieni nesi wenu."

Hruska alifungua mdomo, akageuka mlangoni. Lakini Darrel hakuwa ameomba ruhusa ya mtu. Koti la serikali lilikwisha kupotea koridoni, buti zikigonga marumaru, kioo kikatikisika.

Viatu vyeupe viliingia mbio. Yule mwanamke hakuuliza nani mbunge na nani si mbunge. Aliikamata simu.

"Halo? Mimi nesi. Mtoto anapumua mara ngapi? Mhesabie kifua, nihesabie kwa sauti." Akasubiri. "Halo? Mama, unanisikia? Hesabu kwa sauti."

Aliitoa simu sikioni. Aliitazama, akairudisha.

"Halo?"

Hruska alikuwa amesimama, nyundo yake ya mwenyekiti mkononi, hajui aipige wapi.

Nesi aliishusha simu polepole, akamgeukia Arlys.

"Mama," alisema, "huko upande wa pili hakuna mtu."